Mtaa Usio na Kivuli Hauna Wazee

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mambo ya ndani ya nyumba: malezi ya watoto, matumizi ya jikoni, afya ya mama, na masikilizano baina ya mume na mke. Jumapili ya leo nakuomba utoke nami nje ya mlango, tusimame mtaani. Maana nyumba ya mtu haikomi kwenye kizingiti. Mtoto akishakivuka kizingiti hulelewa na mtaa; mzee akishachoka na giza la chumba huutafuta mtaa; na mama anayekaanga maandazi ili apate fedha za daftari na sare za wanawe hula kutokana na mtaa. Basi mtaa nao ni chumba cha nyumba zetu sote, ila ni chumba ambacho kila mmoja hudhani kitafagiliwa na mwingine.

Swali langu la leo ni fupi. Je, mtaani kwako, mzee wa miaka sabini akitaka kukaa nje saa nane mchana, atakaa wapi?

Ninaliuliza swali hili kutoka Ikungi, mkoani Singida, mahali penye jua kali, upepo mkavu na vumbi. Lakini kabla sijasema habari za Ikungi, natuvuke bahari kwanza twende Unguja, kwa kuwa huko wazee walikwisha kulijibu swali hili zamani, tena kwa mawe na chokaa.

Mji Mkongwe wa Zanzibar ni mji wa joto. Katika miezi ya Februari na Machi, pepo za kaskazi zinapolegea na mvua za masika bado hazijashuka, hewa huwa nzito kwa unyevunyevu, na shati humgandama mtu mgongoni tangu asubuhi. Katika mji wa namna hiyo ungetazamia watu wajifungie majumbani mwao. La hasha! Watu wa mji ule huishi njiani, na jambo linalowawezesha kuishi njiani ni namna njia zenyewe zilivyojengwa.

Nyumba zao zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta zake ni nene, na sakafu za ghorofani hubebwa na boriti za mikoko. Zimesogeleana sana, na baina yake hupita vichochoro vyembamba ambamo jua huingia kwa muda mfupi tu, pale linapokuwa utosini. Saa nyingine zote, upande huu wa njia au ule huwa na kivuli. Na chini ya kuta hizo pana mabaraza, yaani viti virefu vya mawe vilivyojengwa pamoja na nyumba yenyewe, vikaelekezwa njiani. Mwenye nyumba alipolipia jiwe la ukuta wake, alilipia pia jiwe la kukalia mpita njia. Ukienda Lamu, nchini Kenya, utakuta desturi iyo hiyo: mlango mkubwa wa nyumba una daka lake, nalo lina viti vya mawe pande zote mbili.

Baraza lile halikujengwa kwa ajili ya urembo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kulinda sitara ya nyumba. Mgeni wa kiume aliweza kupokelewa, akapewa kahawa, akasema haja yake na kuondoka, bila kuwasumbua kina mama waliomo ndani. Kazi ya pili ni ya mvua: maji ya masika yanapojaa kichochoroni, watu hupita juu ya mabaraza kana kwamba wanapita darajani. Na kazi ya tatu, ambayo ndiyo kubwa kwa mazungumzo yetu ya leo, ni kwamba baraza huwapa watu sababu ya kuwapo nje.

Tazama siku ya mji ule inavyokwenda. Asubuhi mapema muuza kahawa huwa ameshakoleza makaa chini ya dele lake, na wazee waliotoka msikitini hukaa kunywa kwa vikombe vidogo, huku kipande cha kashata kikikata uchungu wa buni. Watoto hupita wakienda skuli, na kila mmoja hulazimika kutoa shikamoo tangu mwanzo wa kichochoro hadi mwisho wake. Kina mama huelekea Darajani, sokoni, penye jengo lililojengwa mwaka 1904, kutafuta samaki, mihogo, majimbi na ndizi. Adhuhuri mji hupunguza mwendo. Alasiri mabaraza hujaa tena: huku bao, kule karata, pale dhumna zikipigwa mezani kwa kishindo. Ipo njia panda moja maarufu iitwayo Jaws Corner, iliyopata jina lake kutokana na filamu ya papa ya mwaka 1975, ambapo watu hunywa kahawa, husoma magazeti, hubishana siasa na mpira, kisha hurudi makwao bila ya kuvunja undugu. Jua likizama, familia huteremka Forodhani kupunga upepo wa bahari na kunywa maji ya miwa yaliyotiwa ndimu na tangawizi.

Ndugu msomaji, usidhani ninakusimulia haya ili uone wivu. Nataka uone kazi inayofanywa na watu wanaoonekana kana kwamba hawafanyi kazi. Mzee aliyekaa barazani anajua mtoto wa nani amepita na asiyemjua, na kwa saa gani. Anajua ni nyumba ipi haijafungua mlango tangu jana. Ugomvi wa vijana wawili humfikia kabla haujafika kituo cha polisi. Msiba ukitokea, habari huzunguka kichochoro kwa kichochoro kabla ya tangazo lolote. Huo ni ulinzi, ni upatanishi na ni upashaji habari, na haumgharimu mtu mshahara.

Hata hivyo, haki yataka tuseme na upande wa pili. Baraza la zamani lilikuwa zaidi la wanaume. Mwanamke alipita, hakukaa. Kina mama walikuwa na nyakati zao za kutembeleana majumbani, lakini kivuli cha njia hakikuwa chao kwa kadiri ile ile. Tukitaka kuiga, hatuna budi kuiga kwa akili: tuchukue jiwe la kukalia na kivuli chake, tusichukue ubaguzi wake.

Tena tujue kwamba mawe peke yake hayatoshi. Mwaka 1985 Zanzibar iliunda mamlaka maalum ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe, na mwaka 2000 UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Pamoja na juhudi hizo, tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba la Beit al Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Ikiwa jumba kubwa kama lile lililemewa, sembuse baraza la kichochoroni? Utalii umeleta ajira na fedha, hilo halina ubishi; lakini nyumba nyingi zilizokuwa za familia zimegeuzwa kuwa hoteli na maduka ya vinyago. Baraza lililopangwa bidhaa mwanzo hadi mwisho halina tena nafasi ya mtu kukaa. Jiwe lipo, mwenye kulikalia amehama. Hapo ndipo tunapojifunza kwamba baraza ni jirani kwanza, na jiwe baadaye.

Wewe unayesoma gazeti hili ukiwa Ilala, Magomeni au Temeke, usiseme kwamba habari hizi ni za Waunguja tu. Nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam, ile yenye ukumbi mrefu katikati na vyumba huku na huku, ilikuwa na baraza lake mbele. Hapo mpangaji alikuna nazi, fundi cherehani aliweka mashine yake, na mzee alitandika mkeka. Kariakoo nyumba hizo zimekuwa zikivunjwa moja baada ya moja, na maghorofa yakapanda mahali pake. Wapangaji wamepata umeme, maji na vyumba juu. Maduka yamepata milango chini. Aliyepoteza ni mzee mwenye mkeka.

Sasa turudi Ikungi.

Ikungi ni mji mdogo uliokaa juu ya barabara kuu itokayo Dodoma na Manyoni kwenda Singida na Mwanza. Tangu mwaka 2012, Wilaya ya Ikungi ilipomegwa kutoka Singida Vijijini, mji huu umekuwa makao makuu ya wilaya. Ofisi zimekuja, watumishi wamekuja, viwanja vimepimwa na matofali yamepandishwa. Mtaa wa Ikungi ni kijana, na kijana bado anaweza kunyooshwa. Ndiyo sababu ninaona kwamba swali la kivuli ni la leo, wala halifai kungojea kesho.

Huku mvua ni ya msimu mmoja. Huanza kuelekea mwisho wa mwaka na hukoma karibu na Aprili. Baada ya hapo ni kiangazi kirefu, na upepo hulivuruga vumbi hata likaingia kwenye ndoo iliyofunikwa. Maisha ya mtaani yamefungamana na barabara. Basi likisimama, wauzaji hulikimbilia madirishani: huyu ana kuku wa kienyeji, yule ana vitunguu, mwingine ana asali au chupa za mafuta ya alizeti yanayong'aa juani kama dhahabu. Vijana wa bodaboda hungojea abiria. Malori marefu huegeshwa kando, madereva wakatafuta chai na chapati.

Wazee wa Kinyaturu na wa Kigogo walilijua jua hili. Walijenga tembe, nyumba zenye paa bapa la udongo, na ndani yake mchana mlikuwa na ubaridi. Mti ulioachwa karibu na nyumba uliachwa kwa makusudi. Baadaye, katika miaka ya 1970, Operesheni Vijiji iliwahamisha wananchi wengi nchini kwenda kwenye vijiji vipya, na mara nyingi nyumba zikapangwa kwa safu kandokando ya barabara. Huduma zilisogea, nayo barabara ikawa ndiyo mtaa. Leo tunajenga kwa matofali ya saruji na mabati. Ni nyumba imara, nami sitamshauri mtu arudi kwenye tembe linalovuja. Lakini bati lisilo na dari mchana wa Oktoba humfukuza mtu chumbani, na akitoka nje hakuna kinachompokea.

Fikiria jambo linalotokea katika miji yetu mingi ya barabarani. Mwananchi amepata kiwanja kizuri, anajenga fremu za maduka. Anasogeza ukuta mpaka kwenye mpaka wa kiwanja chake, maana kila futi ni kodi. Mbele pana mwarobaini wa miaka ishirini. Unaziba kibao cha duka. Unakatwa asubuhi, na kufikia jioni umekwisha kuwa kuni. Hakuna aliyeibiwa, hakuna sheria iliyoonekana kuvunjwa, na kila mtu anasema ni maendeleo.

Lakini natuhesabu. Chini ya mti ule palikuwa na mama wawili wanaouza nyanya na karanga. Wamesogea ukingoni mwa lami kufuata wateja, na sasa biashara yao iko meta chache kutoka kwenye magurudumu. Palikuwa na fundi baiskeli, amehama. Palikuwa na wazee watatu, wameingia ndani. Na palikuwa na watoto waliocheza wakitazamwa na wazee hao. Watoto hawakuingia ndani, kwa kuwa mtoto haingii ndani mchana. Wao wamefuata kivuli, na mahali pasipo mti kivuli kilicho karibu ni kile cha lori lililoegeshwa. Dereva aliyemaliza chai yake hupanda, huwasha injini, na hawezi kuona kilichoko chini ya tela. Ndugu msomaji, mimi siwezi kuandika neno lingine juu ya jambo hilo. Wewe ni mzazi, umekwisha kunielewa.

Hapo ndipo ninaposema kwamba mtaa usio na kivuli hauna wazee. Nao mtaa usio na wazee una watoto wasio na macho ya kuwaangalia.

Wapo watakaonipinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Wa kwanza atasema: "Ukiweka viti mtaani umeita wazururaji." Nchi hii imewahi kulihangaikia jambo la uzururaji, mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvukazi, na watu walioonekana mijini bila kazi wakasakwa na kupelekwa mashambani. Walakini uvivu hauletwi na benchi. Kijiwe huharibika pale wanapokaa vijana watupu, wa rika moja, mahali pa kujificha, kuanzia asubuhi mpaka usiku. Baraza ni kinyume chake: liko wazi, liko mbele ya mlango wa mtu anayejulikana, na wamo ndani yake babu, fundi, mama wa karanga na mwanafunzi. Kijana hawezi kuvuta bangi mbele ya babu yake. Mwondoe babu, ndipo kijiwe kitazaliwa.

Wa pili atasema: "Mahali pa mti na baraza ni pesa." Ni kweli. Lakini baraza la tofali lenye upana wa futi moja na nusu halimnyimi mtu duka. Tena mteja anayekaa kivulini hununua soda ya pili, ilhali mteja anayechomwa na jua huondoka na ile ya kwanza mkononi.

Wa tatu ni yule anayefahamu sheria, naye ndiye ninayemheshimu zaidi. Atasema kwamba Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeweka hifadhi ya barabara kuu kuwa meta 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, kwa hiyo kibanda au benchi iliyomo ndani ya mstari huo inaweza kuondolewa. Ni sawasawa. Na hiyo ndiyo sababu ya kutotegemea ukingo wa lami. Mabaraza yetu na miti yetu ifaa iwe katika mitaa ya ndani, mbele ya nyumba, kwenye viwanja vya wazi vilivyoachwa katika ramani ya mji. Viwanja hivyo tuvilinde visije vikageuzwa kuwa nyumba za watu usiku mmoja. Mwaka 2021, wafanyabiashara wadogo katika miji mikubwa walipoondolewa kandokando ya barabara na kupelekwa kwenye maeneo mengine, walijifunza kwa machungu kwamba mahali pasipo pako hapakufichi. Mji mdogo una bahati ya kupanga kabla ya kubomoa.

Basi tufanye nini? Nitataja mambo machache ambayo hayangojei msaada wa mtu.

Kwanza, mwenye kujenga aongeze paa. Ukingo wa paa uliotokeza meta moja mbele ya ukuta huwapa watu kivuli na huzuia mvua isiloweshe matofali.

Pili, chini ya paa hilo jenga baraza dogo. Matofali yaliyobaki na mfuko mmoja wa saruji hutosha. Lilainishwe juu, liwe na kimo cha goti, ili mzee aweze kuketi na kuinuka bila kushikwa mkono.

Tatu, panda mti. Hapa Ikungi mche hupandwa mvua zinapoanza kushika, ili upate msimu mzima wa kutia mizizi. Mwarobaini na mjohoro huvumilia ukame. Mwembe huhitaji maji zaidi lakini hulipa kwa matunda. Zungushia miiba, kwa kuwa mbuzi hana habari ya maendeleo. Mpe mtoto mmoja wa nyumba kazi ya kuumwagilia kwa maji yaliyooshea vyombo, na umwambie kuwa mti huo ni wake. Hatauacha ufe.

Nne, jambo hili lipelekwe mkutanoni. Wananchi husimama wakauliza juu ya maji, zahanati na barabara, nao hufanya vyema. Siku moja asimame mmoja aulize: "Ndugu Mwenyekiti, katika mtaa wetu uliopimwa, mahali pa kukaa watu pako wapi?" Kisha asikae mpaka ajibiwe.

Tano, kina mama wasisahauliwe. Anayeuza karanga chini ya mti ndiye mlinzi wa mtaa kuliko sote, kwa sababu yupo kutwa nzima. Akitengewa nafasi kivulini, mtaa umepata mlinzi. Akifukuzwa, mtaa umempoteza, nayo barabara imempata.

Mambo haya yanaonekana madogo. Walioijenga Zanzibar hawakujua kwamba siku moja watu wa mbali watavuka bahari kuja kuyatazama mabaraza yao. Walichotaka ni kwamba jirani asisimame juani. Sisi wa miji midogo hatuna matumbawe, wala hatuna Forodhani. Tuna udongo, tuna mabati, tuna mbegu za mwarobaini zinazodondoka bure. Yatutosha.

Leo Jumapili, baada ya chakula cha mchana, toka nje ya nyumba yako usimame hatua tano mbele ya mlango. Tazama kivuli kiko wapi na kina nani ndani yake. Ikiwa hakuna kivuli, unajua pa kuchimba shimo. Ikiwa kipo na hakina mtu, toa kigoda, mwite baba wa jirani, na umwambie yule mtoto aliye karibu na lori aje achezee hapa.

Hadi Jumapili ijayo, nakutakia wewe na jamaa yako mapumziko mema.